Mwanga unaomweka na kifafa: jinsi ya kuishi nao nyumbani, njiani na mbele ya skrini

Kabla hujasoma zaidi, ziba jicho moja kwa kiganja. Si kwa vidole, maana vidole huacha nyufa. Kiganja kikae taratibu juu ya tundu la jicho mpaka upande huo uwe giza tupu, kisha geuza uso pembeni. Rudia mara kumi leo na mara kumi kesho, mpaka mkono ujue njia yake bila kusubiri kuambiwa.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi wetu wenye kifafa kinachochochewa na mwanga hukosea palepale: taa ikianza kumweka, tunafumba macho yote mawili. Mwili ndivyo unavyotaka, lakini kope si ukuta. Mwanga mkali hupenya kope, ukatawanyika na kulijaza jicho zima kwa wekundu, na wekundu ndio rangi mbaya zaidi kwetu. Tena ile nukta yenyewe ya kufumba ndiyo ambayo ubongo wa wengi huyumba kwa urahisi. Ukiziba jicho moja barabara, sehemu ya ubongo inayopigwa na mimweko hupungua, na kwa wengi hiyo inatosha kuuzuia mshtuko wa kifafa usianze. Ndiyo kinga ya kwanza, haina gharama na huwezi kuisahau nyumbani.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kama tatizo ni lako

Kati ya watu 100 wenye kifafa, ni kama 3 tu ambao mimweko ya mwanga huwaletea mshtuko. Wengine wote wanaweza kutazama televisheni, kucheza gemu na kutumia kompyuta bila hofu hiyo. Nalisema hili mapema kwa kuwa kuna watoto wanaonyang'anywa simu na vijana wanaokatazwa kazi ya kompyuta kwa sababu tu wana kifafa, na hakuna aliyewapima.

Kipimo chenyewe kinaitwa EEG, yaani kusoma umeme wa ubongo. Unabandikwa elektrodi kichwani, unatulia, kisha taa inamweka mbele ya uso wako kwa kasi tofauti, polepole hadi haraka. Utaambiwa ufumbue macho, uyafumbe, ukae umeyafumba. Mtaalamu anatazama mawimbi kwenye skrini, na akiona yameanza kuchafuka anazima taa, mara nyingi kabla wewe hujahisi lolote. Ndiyo maana kipimo hiki hakifanywi sebuleni kwa video ya mtandaoni. Nyumbani hakuna wa kukuzimia taa kwa wakati.

Hali hii huonekana zaidi kati ya miaka 7 na 19, na kwa wasichana kuliko wavulana. Wapo wanaogundua kwa mara ya kwanza mbele ya gemu, hawajawahi kuanguka maishani. Wengine dalili zilikuwepo miaka mingi ila hazikupewa jina: asubuhi mkono unashtuka ghafla, kikombe kinaponyoka, watu wanasema huyu mtoto mzembe. Ukiona hivyo kwa mwanao, mwambie daktari. Mwambie pia ukimwona mtoto anakodolea jua huku akipitisha vidole vilivyotanuka mbele ya macho, au anaisogelea televisheni mpaka pua iguse kioo na hataki kubanduka. Baadhi ya watoto wenye hali hii hujitafutia mimweko wenyewe. Kumchapa hakusaidii, kwani kinachomvuta kimo ndani ya ubongo wake.

Hatua ya 2: Jua mwanga unakuwa mbaya lini

Si kila mwanga mkali ni adui. Taa kali iliyotulia haina neno kwa wengi wetu. Mambo manne ndiyo yanayoamua.

La kwanza ni kasi. Mimweko kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndiyo yenye hatari, na zaidi ile iliyo kati ya 16 na 25. Wachache huguswa hata na mimweko inayofika 60. La pili ni tofauti kati ya mwanga na giza: taa ileile inayomweka mchana kweupe haina nguvu iliyo nayo ndani ya chumba cheusi. La tatu ni ukubwa, yaani ni sehemu gani ya upeo wa macho yako imejazwa na mmweko huo. La nne ni muda. Rangi inaongezea yake, hasa nyekundu iliyokolea na nyekundu inayopokezana na buluu.

Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani, kipindi cha katuni kilionyesha nyekundu na buluu zikipokezana takriban mara 12 kwa sekunde, zikijaza skrini nzima, kwa sekunde chache tu. Watu 685, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali jioni ile. Tazama ilivyokamilika: kasi ya hatari, rangi mbaya kuliko zote, skrini imejaa, na watoto wengi wamekaa karibu nayo. Kungevunjwa hata moja kati ya hayo, wengi wangemaliza kipindi salama. Na hiyo ndiyo kazi ya hatua zote zinazofuata: huhitaji kuufuta mwanga duniani, unahitaji kuvunja jambo moja au mawili kila unapokutana nao.

Hatua ya 3: Zunguka nyumba yako usiku

Fanya ukaguzi huu giza likishaingia, taa zote zimewashwa, ukiwa na mtu mwingine na daftari.

Anza na pangaboi. Watu wengi hawalifikirii kabisa. Tazama taa ilipo. Ikiwa balbu iko juu ya mapanga, au pembeni yake karibu na dari, basi kila panga linapopita linaukata mwanga. Piga hesabu: feni yenye mapanga matatu inayozunguka mara 200 kwa dakika inaukata mwanga mara 600 kwa dakika, sawa na mara 10 kwa sekunde. Ipandishe hadi mizunguko 300, unapata mara 15. Umelala chali kitandani, umechoka, macho yanatazama juu, na chumba kizima kinapepesa katika kasi ileile ya hatari. Dawa yake ni rahisi: mwanga utoke chini ya mapanga. Taa ya mezani au ya ukutani inatosha, ile ya dari izimwe feni ikiwa inazunguka. Na mchana angalia kama jua la dirishani linapita kwenye mapanga likafika ulipokaa.

Fuata taa za tyubu. Tyubu nzima kwenye umeme wa hezi 50 humweka mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo ubongo hauifuati. Shida huanza inapozeeka: ncha zinakuwa nyeusi, inapepesa kabla ya kuwaka, au inawaka na kuzimika yenyewe kama inayokonyeza. Hapo kasi imeshuka na kuingia kwenye eneo baya. Usiizoee. Badilisha starta, na ikiendelea badilisha tyubu. Balbu za LED nazo hufanya hivyo zikiwa mbovu, au zikifungwa kwenye swichi ya kupunguza mwanga isiyoendana nazo.

Kuna watu hupima taa kwa kamera ya simu, wakiona mistari inapita wanaogopa. Mistari ile mara nyingi ni ile mimweko 100 isiyotusumbua. Mpimaji mzuri ni macho ya mtu asiye na kifafa. Akisimama chumbani na kusema, "Hii taa inacheza," iondoe.

Halafu michoro. Hapa ndipo watu hushangaa, kwa sababu hakuna taa inayomweka. Mistari myembamba iliyopangana, nyeusi na nyeupe, yenye utofauti mkali, inaweza kuleta mshtuko kwa baadhi yetu, hasa ikijaza macho au ikiwa inatembea. Pazia la vipande lenye jua kali nyuma yake ni mfano. Ngazi za umeme zenye mifuo ya chuma ni mfano mwingine: ukiinamisha kichwa kutazama unapokanyaga, mistari yote inakimbia chini ya macho yako. Shika reli, tazama mgongo wa aliye mbele. Nyumbani, mistari ya aina hiyo isiwe kwenye pazia, shuka, wala ukuta unaotazamana na kitanda.

Hatua ya 4: Panga televisheni, gemu na simu

Televisheni za kisasa bapa ni salama kuliko zile za zamani zenye kisogo kikubwa, kwa kuwa kioo chenyewe hakipepesi kama zile. Lakini kinachoonyeshwa kinaweza kumweka vilevile. Kaa angalau mita 2.5 kutoka kwenye skrini, ukiacha taa ya chumba ikiwaka. Umbali unapunguza ukubwa, taa inapunguza tofauti, kwa hiyo mambo mawili yamevunjika kabla kipindi hakijaanza. Tumia rimoti. Ikipotea na ni lazima uisogelee televisheni, nenda umeziba jicho moja.

Gemu zina jambo la ziada, nalo ni uchovu. Mchezaji hali, halali, hapepesi macho, na mapigano yanayomwekamweka huja mwishoni mwa ngazi ndefu, akiwa hoi. Pumzika kila baada ya saa moja, uinuke kabisa kitini. Usicheze peke yako usiku wa manane. Gemu nyingi hutoa onyo mwanzoni, na baadhi zina mpangilio wa kupunguza mimweko, kwa hiyo utafute kabla ya kuanza kucheza.

Simu ina skrini ndogo, na hilo linatusaidia, ila tunaliharibu wenyewe kwa kuivuta hadi puani ndani ya chumba cha giza. Iweke mbali kidogo, washa taa, shusha mwangaza. Kisha fanya haya:

Ingia kwenye mipangilio ya kila programu ya kijamii unayotumia na uzuie video na picha za GIF zisijicheze zenyewe. Hili ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu video inayongoja uiguse inakupa nafasi ya kuamua.

Kwenye iPhone, kuanzia iOS 16.4, sehemu ya ufikivu ina swichi ya kufifisha mimweko kwenye video. Haifanyi kazi kwa kila video, hivyo usiitegemee peke yake.

Punguza watu wanaoweza kukutumia ujumbe bila kuwajua. Wapo waovu wanaowatumia watu wenye kifafa picha zinazomweka kwa makusudi. Uingereza imelifanya hilo kuwa kosa la jinai kupitia Sheria ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2023. Zuia akaunti hiyo, na mwombe mtu mwingine ahifadhi ushahidi, usiufungue tena wewe.

Na ikiwa wewe ndiye unayetengeneza video au tovuti, kanuni za kimataifa za WCAG, zinazohusu tovuti kutumiwa na watu wote, zinasema kitu chochote kisimweke zaidi ya mara 3 ndani ya sekunde moja. Mimweko ya muziki na matangazo unaweza kuipunguza, na hakuna mtazamaji atakayelalamika.

Hatua ya 5: Jipange kabla ya kutoka

Safari ya gari jioni ndiyo inayonipa mawazo kuliko mambo mengine yote. Jua limeshuka, liko usawa wa dirisha, na barabara imepandwa miti. Mwanga, kivuli, mwanga, kivuli. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Miti ikiwa kila baada ya mita 5, macho yanapata mimweko minne hivi kwa sekunde. Ikija fensi yenye nguzo kila mita 2, inakuwa 11. Barabara hiyohiyo kwenye foleni, gari likijikokota kilomita 10 kwa saa, fensi ileile inatoa mmweko mmoja na kitu, na hauna lolote. Ndiyo maana mtu anapita njia moja miaka mitatu salama, siku foleni isipokuwepo anaanguka, na watu wanatafuta sababu kwingine.

Kwa hiyo chagua kiti cha upande usio na jua. Jioni ukielekea kaskazini, jua liko kushoto kwako, kaa kulia. Vaa kapelo yenye ukingo mrefu. Shusha pazia ikiwa lipo. Ukiona safu ya miti inakuja, kiganja juu ya jicho lililo upande wa dirisha, uso ndani ya gari, mpaka ipite. Abiria wenzako watadhani kichwa kinakuuma, na hawajakosea sana.

Kuhusu kuendesha gari mwenyewe sina la kuzungushazungusha: usishike usukani mpaka daktari na sheria ya unakoishi viruhusu.

Jua juu ya maji yenye mawimbi madogo hufanya kazi ileile, na ubaya wake ni kwamba upo karibu na maji. Miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi hukata mng'ao unaoakisiwa majini, hivyo inafaa sana hapo. Kuna pia lenzi maalumu za buluu wanazoandikiwa baadhi ya wagonjwa baada ya kupimwa nazo wakati wa EEG. Usinunue miwani yoyote ya buluu ukidhani ndiyo hiyo. Kuogelea, nenda na mtu anayejua hali yako na anayeweza kukuvuta nje.

Taa za gari la wagonjwa na la zimamoto, taa za baiskeli zinazopepesa, cheche za fundi anayechomelea: geuka, ziba, pita. Flashi moja ya kamera kwa kawaida haina shida. Wapiga picha wengi wakifyatua kwa pamoja ni habari nyingine, na kwenye shughuli zako una haki ya kuwaomba wazime flashi.

Kwenye ukumbi wa muziki, uliza kabla. Mimi huenda moja kwa moja kwa fundi wa taa.

"Fundi, hizi za kumweka mtaziwasha saa ngapi?"

"Muziki ukichanganya."

"Nina kifafa cha mwanga. Utanipa ishara?"

Sijawahi kukutana na fundi aliyekataa. Wengine wamezizima kabisa, mmoja alizipunguza kasi. Mwongozo wa usalama wa Uingereza unashauri taa hizo zisizidi mimweko 4 kwa sekunde, na mashine nyingi zina kitufe cha kasi, kwa hiyo ombi lako linatekelezeka. Wakikuambia haiwezekani, kaa karibu na mlango.

Hatua ya 6: Linda usingizi na dawa

Mwanga ule ule unaokupita siku umelala vizuri unaweza kukuangusha siku umekesha. Kukosa usingizi, pombe, msongo wa mawazo, na zaidi ya vyote kuruka dozi, vinaufanya ubongo uwe mwepesi kuyumba. Siku umepata usingizi wa saa tatu tu, usiende kwenye taa za kumweka, hata kama wiki iliyopita hazikukufanya kitu.

Dawa zinafanya kazi vizuri kwa wengi wenye hali hii. Mojawapo inayotumika sana, valproeti, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba azungumze na daktari mapema kuhusu dawa mbadala, ila asiache ghafla kwa uamuzi wake, kwani kukatisha dawa kunaweza kuleta mshtuko mbaya kuliko ule wa mwanga.

Hatua ya 7: Wafundishe walio karibu nawe

Waambie dalili zako za awali. Wengine kope zinacheza, wengine mkono unashtuka, wengine wanapata kizunguzungu au wanaganda wakikodolea skrini. Akiziona, mwenzako asianze kukuuliza maswali. Akuzibe jicho moja kwa kiganja na akugeuze uso.

Ikishindikana na mshtuko ukaja, azime kwanza mwanga ulioleta, kwa kuwa ukiendelea unaweza kuendeleza mshtuko. Atazame saa. Aondoe vitu vigumu, aweke kitu laini chini ya kichwa, alegeze nguo shingoni. Asikushike kwa nguvu, asikutie kijiko wala kidole mdomoni. Mtikisiko ukitulia, akulaze ubavu na akae nawe mpaka akili irudi. Mshtuko ukipita dakika 5, ukirudia kabla hujazinduka, ukiwa umeumia au ulikuwa majini, aite gari la wagonjwa.

Ukishapumzika, mpe daftari akuandikie yeye, kwa kuwa wewe hutakumbuka: saa ngapi, ulikuwa umbali gani na mwanga, rangi gani, chumba kilikuwa na taa au giza, ulilala saa ngapi jana yake, dozi ya mwisho lini. Ukurasa huo uende nawe kliniki.